Magurudumu ya Mama Tryphosa

Wako watu wakimwona kuku huona mchuzi. Thadeus Angwenyi alimwona kuku akichungulia dirishani mwa karavani, naye akaona suti ya kijivu, tikiti ya basi la Nakuru, na jina jipya la kuanzia maisha.

Ilikuwa Gesima, mwaka wa sabini na nne, miezi michache kabla ya uchaguzi wa madiwani, mvua za masika zikiwa bado zinajifuta miguu mlangoni. Angwenyi alikuwa akikata njia katikati ya mashamba ya watu kwa sababu barabara kuu, kwa siku hizo, ilikuwa na watu wa Marani. Watu wa Marani walikuwa wamenunua kwake redio zisizohitaji betri. Kweli hazikuhitaji. Kisanduku kitupu kinahitaji betri ya nini?

Alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye tai. Mkobani alibeba bisibisi, spana, tepu nyeusi, na cheti cha fundi wa umeme. Cheti kilikuwa halali kabisa, kina muhuri na sahihi, ila mwenye cheti alikuwa mtu mwingine. Umeme wenyewe Angwenyi aliujua kwa miezi mitatu aliyoshikilia ngazi ya fundi mmoja mjini Kisii, akitazama juu.

Karavani ilikuwa imekaa kando ya nyumba iliyoanguka. Ilikuwa ya mviringo kama mkate uliosahauliwa, bati lake la alumini limefifia, magurudumu yamekaa chini bila upepo kama wazee waliochoka. Mbele ya ghala la wimbi, mama wa makamo, mwembamba, alikuwa anapukuchua mahindi.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo. Ukitaka maji, kata iko hapo."

"Nyumba nzuri hii ya kuku."

"Kuku hawajalalamika."

Hivyo ndivyo Angwenyi alivyojuana na Tryphosa, na kwa nusu saa, kwa maswali matamu, akaipata hadithi yote. Marehemu mumewe, Nyamongo, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko upande wa Sotik. Mzungu alipofunga virago mwaka wa sitini na nne alimwambia achague zawadi: mbwa au karavani. Nyamongo akachagua karavani kwa sababu haili. Ng'ombe wanane waliivuta siku mbili mpaka Gesima, watoto wakiifuata wakiimba. Kisha Nyamongo akafa, kuku wakahamia ndani, na mvua za mwaka jana zikaiangusha nyumba ya udongo. Sasa Tryphosa alikuwa akilala ghalani na wimbi wake.

"Shemeji yangu Manasseh anasema mjane asiye na nyumba ni mgeni, na mgeni huaga," alisema bila kuinua macho. "Mabinti wangu wameolewa. Mwana wa kiume sina. Wazee wamenipa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha na hakuna moshi wangu unaopanda hapa, Manasseh anapanda chai mpaka pale nilipokaa."

"Moshi tu?"

"Nyumba ni ya mwanamke, baba. Mafiga yakiwekwa, chakula kikipikwa, mwana akila, hiyo ni nyumba, hata shetani akija na tingatinga."

Angwenyi aliusikia moyo wake ukipiga makofi. Mtu mwenye shida ni mlango ulioachwa wazi, na yeye hakuwahi kupita mlango wazi bila kuingia. Akavua kofia.

"Marehemu alikuwa Omogetutu?"

"Alikuwa."

"Mungu mkubwa! Hata mimi ni Omogetutu." Angwenyi alikuwa na ukoo kwa kila kilima. "Basi mimi ni mwanao. Mama, nitaitengeneza karavani hii, sakafu, kuta, kitanda, hata taa za umeme, uishi humo. Bure. Mwana hamtozi mama yake."

Tryphosa alimtazama kama mtu anavyoitazama noti mpya.

"Watu wengi huniita mama wakitaka maji ya kunywa. Haya maneno ya mwana, unaweza kuyarudia mbele ya mtu?"

"Hata mbele ya malaika."

Malaika hawakuwepo karibu, ila Mzee Abner, kiongozi wa kanisa la Sabato pale mlimani, alikuwa anapita na ng'ombe wake, na nyuma yake Manasseh mwenyewe akiwa na kamba ya kupimia mashimo ya chai. Angwenyi akarudia. Akaongeza na machozi. Machozi yake yalikuwa kama mfereji wa mjini: ukizungusha, yanakuja.

"Umesikia, Manasseh?" Mzee Abner aliuliza.

"Nimesikia," alisema Manasseh, akizungusha kamba yake mkononi. "Mwezi ni mwezi."

*

Siku ya pili Angwenyi alikuwa Keumbu, dukani kwa Obwocha.

Obwocha alikuwa na duka, kinu cha kusaga, trekta, na tumbo lililotangulia kufika kila mahali. Alikosa kitu kimoja tu duniani: kuitwa diwani. Mpinzani wake alikuwa mwalimu mwenye kipaza sauti, na kipaza sauti kile kilimnyima Obwocha usingizi.

"Kipaza sauti ni kelele," Angwenyi alimwambia, akiegemea kaunta kana kwamba ni yake. "Mheshimiwa, wewe unahitaji nyumba."

"Nyumba ninazo tatu."

"Zinatembea?"

Obwocha aliacha kupima sukari.

Angwenyi akaichora kwa mikono hewani. Nyumba yenye magurudumu, inayong'aa, nyuma ya trekta. Leo iko Keumbu, kesho Gesima, keshokutwa kule juu ambako hata mwalimu hajawahi kufika na kelele zake. Ndani kitanda, meza, kabati, na taa za umeme zinazowaka mahali ambapo hakuna nguzo ya umeme kwa maili ishirini. "Mwalimu anasema na watu, kisha anakwenda kulala kwake. Wewe utalala kwa watu wako! Mama atamwambia jirani: Obwocha alilala hapa, karibu na migomba yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya mama yangu mzazi. Amenipa niiuze."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa mjane," alisema Angwenyi, na sauti yake ikatetemeka mahali panapofaa.

Walikubaliana. Obwocha angetoa nusu sasa, na vifaa: mbao, plaiwudi, vanishi, godoro la sponji, betri ya lori, na hela za kununua waya na glopu mjini. Nusu ya pili angeitoa siku ya kuvuta karavani.

"Tutaivuta Jumamosi, saa nne asubuhi," alisema Angwenyi.

"Kwa nini Jumamosi?"

"Mama hapendi kuniona nikiondoka na kitu. Analia. Jumamosi saa nne yuko kanisani, mlima mzima uko kanisani. Tutamhurumia."

Obwocha alikuwa Mkatoliki, na ya Sabato hayakumhusu. Akafungua droo.

*

Hapa nalazimika kusema jambo la aibu juu ya shujaa wetu: alifanya kazi.

Hakukusudia. Alikusudia kupaka vanishi juu ya uchafu na kuning'iniza glopu mbili. Lakini Obwocha hakuwa mtu wa kununua bila kubonyeza swichi, na swichi ina ubaya huu kwamba haidanganyiki. Unaweza kuidanganya Marani nzima. Swichi itakuambia tu taa haiwaki.

Akaanza kwa kuwahamisha kuku. Walihama wote ila mmoja mwenye jicho moja, ambaye kila jioni alirudi kwenye kabati lake kama mpangaji aliyelipa kodi. Angwenyi akachota mbolea ya miaka mingi, Tryphosa akaibeba kwenye migomba. Akang'oa sakafu, ilitoka kwa vidole, laini kama ugali wa maji. Akang'oa plaiwudi ya kuta, na nyuma yake akakuta waya za zamani zilizovikwa kitambaa. Aliposhika moja, ilivunjika kama chapati ya juzi. Panya walikuwa wamekula nyingine na kuacha shaba tupu.

Akapigilia mbao mpya. Akaziba paa kwa lami, akiimimina katika kila tundu lililoonyesha anga. Akapiga plaiwudi msasa mpaka ikawa shavu la mtoto, akaipaka vanishi mara tatu. Akapitisha waya mpya nyuma ya kuta, nyekundu na nyeusi, akiandika kwa chaki ndani ya mlango wa kabati ipi inakwenda wapi, kwa sababu kichwa chake kilizoea kukumbuka majina ya bandia na hakikuwa na nafasi ya waya. Ubao wa fyuzi akaufunga chini ya kitanda, nyuma kabisa. Na nyuma ya ubao wa fyuzi, akiwa peke yake, akasokomeza bahasha ya Obwocha.

Tryphosa alikuja kila mchana na uji, na kila mchana alikuwa na ombi dogo.

"Mwanangu, hapa karibu na mlango weka bati sakafuni."

"La nini, mama?"

"La mafiga. Nami nipike wapi?"

Angwenyi alitaka kucheka. Mafiga ndani ya karavani! Lakini mtu unayemnyoa usimnyime maji. Akaweka bati, akatoboa paa, akaweka bomba la kutolea moshi. Obwocha angeling'oa mwenyewe.

"Na hapa, mbele ya kitanda, niwekee pazia."

Akaweka pazia.

"Na ukimaliza, mwanangu, nichimbie mashimo pale mteremkoni. Migongo ya watoto wa siku hizi inahitaji mazoezi."

Akachimba mashimo. Alichimba kila jioni, akijiambia kwamba hata mwizi wa ng'ombe hukata majani kidogo ili azoeane naye. Yalikuwa ya migomba, alidhani. Yalikuwa mengi, lakini Angwenyi hakuwa mkulima.

Alhamisi ya wiki ya tatu akaunganisha betri na kubonyeza swichi. Kimya. Akabadilisha glopu. Kimya. Akafungua, akafunga, akalala chali chini ya karavani akiitukana kwa lugha tatu.

"Haziwaki?" Tryphosa aliuliza, akiinama.

"Umeme umetoka kwenye betri, mama, umepita waya mwekundu, umefika kwenye taa. Kila kitu kiko sawa."

"Kisha unarudi kwa njia gani?"

"Unarudi?"

"Ni kama ng'ombe: umewatoa zizini, umewapeleka majini. Njia ya kuwarudisha nyumbani iko wapi? Ng'ombe hatoki kama anajua hatarudi."

Angwenyi akageuza shingo. Akautazama waya mweusi, aliokuwa ameufunga kwenye chuma cha chini cha karavani, juu ya rangi na kutu ya miaka ishirini. Akachukua kisu, akakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa kama jino, akaufunga waya tena kwa spana.

Ndani, mtu akasema "Yesu!" Alikuwa Tryphosa. Taa nne zilikuwa zimewaka kwa pamoja, na vanishi mara tatu ikazirudisha kila upande, karavani nzima ikawa kama ndani ya chungu cha asali. Kuku mwenye jicho moja akatoka kabatini kuangalia kumepambazuka lini.

Na Angwenyi, mtu aliyewahi kuuza kisima kisicho chake huko Kericho bila mkono kutetemeka, alisimama mlangoni na spana. Akabonyeza swichi. Akazima. Akabonyeza tena. Haikuwa uongo. Kila mara, haikuwa uongo.

Alijikaza upesi. Mchana uleule akaazima pampu kwa jirani, akaanza kutia magurudumu upepo.

Tryphosa alikuwa akianika wimbi. "Upepo wa nini, baba?"

"Nyumba isiegemee upande mmoja, mama."

"Ah."

"Hivi, Jumamosi kanisa linaanza saa ngapi?"

"Saa tatu. Uliniuliza Jumatatu. Na Jumatano."

"Mimi msahaulifu, mama."

"Ah," alisema tena Tryphosa, akaendelea kuanika wimbi.

*

Ijumaa Angwenyi aliteremka Keumbu kulala kwa Obwocha, ili asubuhi wapande pamoja na trekta. Bahasha aliiacha mahali pake. Keumbu siku ya soko ina wezi, na Angwenyi hakuwaamini wezi. Mpango ulikuwa mwepesi: karavani ikiwa njiani yeye angepanda ndani, angetoa bahasha, angepokea nusu ya pili, na basi la saa nane lingemkuta barabarani na tai yake.

Jumamosi, saa nne kamili, trekta ilipanda kilima cha Gesima ikikohoa. Obwocha alikuwa amekaa juu ya tairi, na koti lake jipya. Dereva akakata kona kwenye migomba ya Tryphosa.

"Zima," alisema Angwenyi.

"Nini?"

"Zima trekta, bwana!"

Trekta iliponyamaza, wimbo ukasikika vizuri zaidi. Kanisa zima lilikuwa limeketi kwenye nyasi, mbele ya karavani. Wazee kwenye viti vyao, wanawake kwenye mikeka, kwaya imejipanga kando ya ghala. Na karavani yenyewe! Kutoka sakafu kwenda chini ilikuwa imekandikwa udongo na samadi, laini, umesawazishwa kwa viganja, kuizunguka pande zote. Kikundi cha wanawake wenzake Tryphosa kilikuwa kimeshinda hapo Ijumaa nzima. Hakukuwa na gurudumu hata moja la kuonekana. Juu ya paa, kutoka kwenye bomba la Angwenyi mwenyewe, ulipanda moshi mwembamba wa makaa ya jana yaliyofunikwa majivu kabla ya jua kuzama, kwa sababu siku ya Sabato hawawashi moto mpya.

"Huyo ndiye!" alisema Mzee Abner, akinyoosha mkono. "Ndugu zangu, huyo ndiye mwana! Tulikuwa tunamngojea. Dada Tryphosa alituomba Sabato ya leo tuje tuiombee nyumba aliyojengewa na mwanawe."

Watu wakageuka. Mamia ya macho ya upendo yakamwangukia Angwenyi, na hakuwahi kuogopa macho kiasi hicho, hata ya askari.

Wakamvuta mpaka mlangoni. Tryphosa, kilemba cheupe kichwani, alikuwa ameketi kando ya mafiga matatu. Akamnyooshea sahani ya obokima, ugali wa wimbi, na mboga chungu ya chinsaga.

"Kula, mwanangu. Nilipika jana, humuhumu."

Angwenyi alikuwa ametoka Keumbu bila kifungua kinywa. Na kusema kweli, mbele ya kanisa zima, nani anakataa chakula cha mama? Akamega, akachovya, akala. Akasikia watu wote wakipumua kwa pamoja, na ndipo maneno ya Tryphosa yakamrudia. Mafiga yakiwekwa, chakula kikipikwa, mwana akila.

"Manasseh," Mzee Abner aliita taratibu. "Wewe unasemaje? Ni nyumba au si nyumba?"

Manasseh alisimama nyuma ya watu. "Wazee, kitu hicho kina magurudumu."

"Yako wapi?"

"Yako chini, ndani ya udongo!"

Mzee Abner aliinama polepole, akashika magoti, akatazama ukuta wa udongo kutoka kona hadi kona. Akainuka.

"Mimi," alisema, "sioni gurudumu."

Kicheko kikapita kwenye nyasi kama upepo kwenye wimbi. Manasseh akaketi. Kamba yake ya kupimia aliikalia.

Obwocha, juu ya tairi, alikuwa ameelewa. Alikuwa mtu wa tamaa, si mpumbavu. Mbele yake palikuwa na kura za kilima kizima, na kati yake na kura hizo palikuwa na trekta yenye mnyororo, iliyokuja kung'oa mafiga ya mjane siku ya Sabato. Jasho lilimtoka. Kisha akashuka, akavua kofia, akapanua mikono.

"Ndugu zangu! Mimi si wa dhehebu lenu, lakini nilisema lazima niwepo. Mbao hizo ni za duka langu. Betri ni yangu. Waya, vanishi, godoro, na pesa juu yake, nilitoa mimi, Obwocha, kumsaidia mama huyu. Sikutaka kusema. Lakini leo nimeona niseme."

Vigelegele vikapasua anga. Mtu akasema, "Mwalimu na kelele zake alileta nini?" Wakamkalisha Obwocha kwenye kiti cha mbele.

Alipopata nafasi alimvuta Angwenyi nyuma ya ghala, akitabasamu kwa upande uliokuwa unaonekana.

"Pesa zangu."

"Zipo, Mheshimiwa."

"Wapi?"

"Mle ndani."

"Ndani wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Cha mama."

"Mama wa nani?"

Angwenyi akalegeza tai.

"Wangu," alisema.

Msomaji ambaye hakulelewa katika vilima vile anaweza kuuliza, shida iko wapi? Shida ni kwamba mwanamume aliyekwisha tahiriwa hakanyagi mahali anapolala mama yake. Anaishia kwenye mafiga. Kupita pazia ni kuitafuta laana kwa miguu yako, na kanisa zima limekaa nje linatazama.

Hata hivyo, akajaribu. Akarudi mlangoni. "Mama, nimesahau kitu chini ya kitanda. Ni... spana yangu."

"Kaa hapohapo, mwanangu. Nitakutolea."

Tryphosa akaingia nyuma ya pazia. Akasikika akiinama. Akasikika akisogeza ubao. Angwenyi alifumba macho na, kwa mara ya kwanza tangu utoto, akaomba kwa dhati.

Tryphosa akatoka, uso wake mtulivu kama maji ya ubatizo, akamwekea mkononi spana.

*

Obwocha alichaguliwa. Kabla ya hapo, hata hivyo, alituma habari kwamba fundi fulani akionekana Keumbu bila bahasha, atarudi bila miguu. Marani bado walikuwa na redio zao. Barabara zote mbili zikiwa zimefungwa hivyo, Angwenyi alibaki Gesima, akajijengea kibanda cha mwana wa kiume mbele ya karavani, "mpaka mambo yapoe."

Mambo hayakupoa. Watu walianza kuja na redio zilizokufa, na alipozifungua aligundua, kwa hofu, kwamba anajua kuzitengeneza. Alijiuliza njia ya kurudi iko wapi, akaitafuta, akakwangua kutu, zikaimba. Wakamlipa. Alipokea malipo ya kwanza akitazama nyuma, akidhani kuna mtego.

Lakini kila siku aliifikiria bahasha.

Jumamosi moja, mlima mzima ukiwa kanisani kwelikweli, na Tryphosa naye, Angwenyi akaingia kwenye karavani. Hapakuwa na mtu. Kuku mwenye jicho moja alikuwa amelalia mayai kabatini na hakujali. Angwenyi akapita mafiga. Akasimama mbele ya pazia alilolitundika mwenyewe, kwa misumari aliyoipigilia mwenyewe. Akanyoosha mkono.

Mkono huo ulikuwa umeingia mifuko ya Kisii, Kericho na Nakuru. Ulikuwa umeingia sanduku la sadaka la dhehebu moja ambalo sitalitaja. Ukafika shubiri moja kutoka kwenye kitambaa, ukakataa. Aliusukuma, ukakataa. Alijiambia yeye si mwana wa mtu, ni uongo tu aliousema siku ile kwa ajili ya karavani. Mkono haukusikia.

Alikuwa bado amesimama hivyo, kama mtu anayesubiri taa ibonyezwe, Tryphosa aliporudi na Biblia yake. Akamtazama yeye. Akalitazama pazia, mikunjo yake ikiwa vilevile alivyoiacha.

"Hukuingia."

"Sikuingia, mama."

"Vema. Ungeingia ningekosa mwana bure." Akafungua kilemba, akaketi kando ya mafiga. "Hazimo."

"Hazimo?"

"Tangu Alhamisi ile ya upepo. Mtu anayemkarabatia mjane nyumba, baba, hatii magurudumu pumzi. Nikajiuliza huyu ana nini kingine. Nikainama."

Angwenyi alikaa chini polepole. "Zile ni za Obwocha, mama."

"Obwocha alisimama mbele ya kanisa akasema alizitoa kunisaidia. Mimi ni nani nimfanye mwongo siku ya Sabato?" Akasonta kwa midomo kwenye mteremko, ambako mashimo ya Angwenyi yalikuwa yamejipanga, safu baada ya safu, mpaka kwenye mpaka wa Manasseh. "Miche ya chai inakuja Jumatatu. Umechimba mashimo yote yale, hukuniuliza hata siku moja ni ya nini."

Angwenyi aliyatazama mashimo. Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha tumboni, mpaka kuku akanyanyuka juu ya mayai kwa hasira. Akainuka, bado anacheka, akanyoosha mkono kuchukua jembe pale nyuma ya mlango.

"Weka chini," alisema Tryphosa. "Leo Sabato. Utachimba kesho."